Karatasi Haina Kosa

Siku ya mtihani, kitu cha kwanza alichokitoa Profesa mkobani kilikuwa rula. Rula ya mbao, ya sentimita thelathini, imekunywa wino pembeni kwa miaka mingi. Aliilaza mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza, kisha akatoa kalamu mbili nyekundu na kitambaa cha kufutia miwani. Kipimo cha presha hakutoa, kwa kuwa hakuwa nacho. Mgonjwa wa mtihani alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na Profesa alikuwa bado hajamtazama.

Nimekutana na wapumbavu wengi katika kazi hii, na baadhi yao walikuwa wakubwa zangu, lakini huyu ndiye niliyemdharau kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko wote. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekaa kumwandikia sifa. Alitufundisha kuandika dawa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa udaktari, kabla hajaachiwa roho za watu, anajua kuchagua dawa, kipimo chake, wakati wake na siku zake, na kuyaweka hayo kwenye karatasi ambayo huku kwetu tunaiita oridonansi. Ni kazi nzito. Ukiikosea, mtu anaumia nyumbani kwake, mbali na macho yako, akiwa ameshakushukuru. Profesa aliichukua kazi hiyo akaigeuza somo la kupiga mistari.

Kila mwaka alishuka kutoka Bujumbura kuja kututahini katika hospitali moja ya mwambao wa ziwa tulikokuwa tukifanya mazoezi. Jina la hospitali naliacha, maana waliokuwepo bado wapo na hawakumkosea mtu. Wenzangu wengi walitoka mjini na milimani, na kwao mji huo wa Rumonge ulikuwa mahali pa joto na mbu. Mimi nilikuwa nyumbani. Nimezaliwa mtaa wa Waswahili, nyumba ya tatu kutoka msikitini, binti wa muuza mawese, na wajomba zangu wawili ni wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwa sababu nitakapofika kwenye aibu yangu sitaki mtu aniambie kwamba sikujua.

Mtihani wake ulikuwa na alama ishirini. Nne zilikuwa za pambizo na mistari. Nne za jina la mgonjwa, umri wake na tarehe. Nne za jina la dawa, liandikwe kwa Kifaransa kisicho na doa. Nne za kipimo na nyakati. Nne za mwisho zilikuwa za sahihi na usafi. Mwenzangu mmoja aliandika dawa mbili ambazo hazikai tumbo moja, akapata kumi na nne, kwa kuwa alipiga mstari ulionyooka chini ya kila moja. Mwingine alimwuliza mama mmoja kama ana mimba, swali ambalo lingemwepusha yule mama na balaa, akapata tisa. Dakika zilikuwa zimemwishia kabla hajapiga mistari wala kutia sahihi. Alipolalamika, Profesa alimjibu kwa maneno aliyoyatumia kufunga kila ubishi: karatasi haina kosa. Maana yake ni kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo, na kisichoandikwa hakipo hata kama kimeketi mbele yako kinakohoa.

Misemo alikuwa nayo tele. Mgonjwa husahau, karatasi haisahau. Daktari hujulikana kwa pambizo lake. Tulikuwa tukiirudia jioni tukila brosheti, mishikaki ya kwetu, mmoja akiigiza anavyovua miwani, mwingine anavyokohoa kabla ya kutamka alama, tukacheka mpaka mwenye duka akatuonea huruma. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile la kwetu lilivuma kwa Kifaransa.

Darasani alikuwa na faili la wagonjwa wa karatasi, limechapwa zamani na kutolewa nakala mpaka herufi zimefifia. Wote walikuwa na miaka arobaini na kilo sitini. Hawakuwa na kazi, hawakuwa na dini, hawakuwa na mke wa kuwapikia wala saa ya kula. Nilipomwuliza siku moja mgonjwa wa namba saba anaishi wapi, alidhani nafanya mzaha akaniamuru nikae.

Mtu aliyewajua wagonjwa wenye mwili na damu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetoa dawa kwenye dirisha la famasi. Sisi tulimwita Mama wa Dirisha. Diploma yake ilikuwa ndogo, nadhani Profesa aliiona kuwa si diploma kabisa. Lakini hakuna aliyepita pale bila kuulizwa maswali matatu: unakula saa ngapi, unalala saa ngapi, unafunga? Maswali hayo hakuyatoa kitabuni. Aliyatoa kwenye Ramadhani za Rumonge, ambako mtu akiandikiwa vidonge vitatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, huvingoja vyote mpaka magharibi akavimeza pamoja kwa uji wa futari, kisha anashangaa moyo unamdunda. Mama wa Dirisha alikuwa akizichukua oridonansi zetu nzuri zenye pambizo, anauliza maswali yake matatu, anachukua penseli na kuandika nyuma ya karatasi mambo ambayo daktari alipaswa kuyaandika mbele. Profesa alimwita muuza duka.

Kuna siku moja inayonifurahisha mpaka leo. Profesa alipatwa na mafua, mafua ya kawaida ya mtu aliyetoka baridi ya gari akaingia joto la Rumonge. Huyu alikuwa ametuhutubia saa mbili juu ya ubaya wa kutumia antibiotiki ovyo. Alimtuma dereva dirishani akachukue sindano kali ya antibiotiki, bila karatasi. Mama wa Dirisha akamrudisha dereva aulizie oridonansi. Profesa akajiandikia mwenyewe, kwa rula, na dereva akarudi. Mama akaisoma toka juu mpaka chini, akairudisha tena. Haikuwa na tarehe. Tulikuwa wanne pale kwenye foleni, na habari ilifika wodi zote kabla dereva hajafika kwenye gari. Profesa alitia tarehe, akachomwa sindano yake asiyoihitaji, na wiki ile alitutahini kwa hasira.

Kwa mambo ya ziwa alikuwa hajui lolote na hakutaka kujua. Safari ya kuja, akifika Gitaza alifunga vioo vya gari kwa sababu ya harufu ya ndagala zinazoanikwa kando ya barabara, na jioni hiyo hiyo anakula sahani mbili za ndagala hizo hizo kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwenye chumba cha mtihani dirisha lilitazama ziwani, na kila mwaka aliomba kiti chake kigeuzwe. Alisema mng'ao wa maji unamuumiza macho. Kwa hiyo alitutahini akilipa ziwa mgongo, na sisi tukimtazama yeye tuliona nyuma yake mashua zimelala mchangani, nyavu zimeanikwa, na wavuvi wamejinyoosha kivulini wakiuvuta usingizi wao wa mchana.

Kwa kitu kimoja sikuweza kumdharau, na kiliniudhi: hakuwa mla rushwa. Wiki moja kabla ya mtihani wangu, baba alimpelekea bidoni, dumu zima, ya mawese bila kuniambia. Ni mapenzi ya mzazi, na ni desturi za watu wetu kuamini kwamba mlango haufunguki mikono mitupu. Bidoni ilirudi asubuhi yake imefungwa vilevile, na kikaratasi kimepigwa mistari, kina tarehe na sahihi: imepokelewa kwa makosa, imerudishwa. Baba alikibandika kikaratasi hicho dukani, akawa anawaonyesha wateja kwamba nchini bado kuna watu. Ningependa kuandika kwamba Profesa alikuwa mwizi. Ingekuwa rahisi zaidi.

Sasa nifike kwenye siku yangu.

Mgonjwa wangu wa mtihani alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Alilazwa siku mbili kwa sababu ya mwili kumwasha na kuvimba vipele, na sasa alikuwa tayari kwenda nyumbani. Kwa wagonjwa wa mtihani wa kuandika dawa, Profesa alipenda hao wanaotoka, kwa sababu karatasi ya mwanafunzi ndiyo waliyoondoka nayo kwenda dirishani, na hospitali haikupoteza karatasi mbili. Yule mtu alikaa wima kwenye kiti, mikono magotini. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya kamba, yale marefu ya kukata mshazari. Mtoto wa Rumonge hamuulizi mtu mwenye viganja kama vile anafanya kazi gani. Wajomba zangu wanavyo.

Nilijua dawa. Ilikuwa kile kidonge cha zamani cha mwasho, kinachotuliza ngozi na kumlaza mtu, na kitabu cha Profesa kilisema kiandikwe kimoja jioni. Jioni, ili mgonjwa alale. Nikaanza kupiga mistari. Yule mtu akaona naandika, akajisogeza kidogo.

"Dokta," akasema, "lakini miye usiku niko..."

Profesa akainua rula. "Mugonjwa asiongee. Iko mutihani."

Yule mtu akarudisha mikono magotini. Alifikiri amevunja adabu. Na mimi, niliyezaliwa kwenye mji ambao nusu ya wanaume huondoka jua likizama na kurudi kunapokucha, niliyelelewa kwa kuambiwa nisipige kelele asubuhi kwa sababu wajomba wamelala, nililisikia neno lile na nikalijua mwisho wake kabla hajalimaliza. Usiku niko ziwani. Sikuwa na haja ya kumwuliza. Ningeweza kuandika asubuhi badala ya jioni. Lakini kitabu kilisema jioni, alama nne zilikuwa za nyakati, na nilizitaka zote. Nikaandika kimoja jioni. Nikapiga mstari.

Alinipa kumi na nane juu ya ishirini. Ilikuwa alama kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na mbili zilizobaki alisema ni za Mungu. Aliinua karatasi yangu wenzangu waione, akatoa nakala kwenye mashine ya hospitali kwa ajili ya faili lake, kisha akampa mgonjwa karatasi yenyewe. Mgonjwa akanishukuru, murakoze. Siku hiyo Mama wa Dirisha alikuwa amekwenda kwenye matanga huko Muhuta, na dirishani alikaa kijana aliyetoa dawa alivyoona zimeandikwa.

Wavuvi wetu wa ndagala hufunga mashua mbili kwa miti, na katikati yake huning'iniza taa ili samaki waifuate nuru. Mtu mmoja hukaa juu ya miti hiyo kuziangalia taa. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa ya mgonjwa wangu. Alimeza kidonge jioni, kama ilivyoandikwa, akaenda kazini. Waliniambia baadaye kwamba hakupiga hata kelele. Aliinama kama mtu anayetafuta kitu majini, akaingia. Shemeji yake alijaribu kumnasa kwa upondo, akamkosa, akaruka, akamshika nywele. Walipomfikisha kwetu mapafu yalikuwa na maji, na kwa siku kumi na moja hatukujua kama ataamka au tutamsitiri.

Nilikaa naye siku zile kuliko nilivyokaa na mgonjwa yeyote tangu hapo. Mkewe alikuwa akija na uji, ananipa kiti, ananiombea dua kwa kujitolea kwangu, na mimi nazipokea dua hizo kama mwizi. Siku alipoweza kusema nilimwuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini alimeza dawa ya usingizi akiwa anakwenda ziwani. Alinitazama bila chuki yoyote.

"Nilifanya vile uliandika, dokta," akasema.

Mama wa Dirisha aliporudi na kuambiwa, hakunigombeza. Aliomba aone ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaona nyuma hakuna kitu. Alisema tu kwamba mimi, mutoto wa hapa, nilipaswa kujua. Tangu hapo nimetukanwa na watu wenye vyeo, na hakuna tusi lililonikaa kama hilo.

Nikaenda kwa Profesa. Nilipanda basi mpaka Bujumbura, nikangoja nje ya ofisi yake, nikaingia na kumweleza yote: kazi ya yule mtu, neno alilokatizwa, miti, maji, siku kumi na moja. Nilimwomba anipunguzie alama. Najua linachekesha, mwanafunzi kudai apunguziwe, lakini nilitaka mtu mwingine mbali na mimi aseme kwamba lilikuwa kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua faili, akaitoa nakala yangu, akailaza mezani, akaweka rula juu ya kila mstari, mmoja mmoja, polepole. Kisha akasema karatasi haina kosa, madamwazeli. Alipoirudisha kwenye faili aliiingiza kichwa chini, yeye asiyewahi kupindisha karatasi, nikasema moyoni kwamba ni uzee. Nilitoka nikiwa nimemdharau kwa namna ambayo mpaka hapo sikuwa nimeijua. Kabla ya siku ile nilimcheka tu.

Mabaya zaidi yalifuata. Karatasi yangu ikawa mfano. Mwaka baada ya mwaka aliwaonyesha wanafunzi: hivi ndivyo dawa inavyoandikwa. Jina langu alilifunika kwa kidole wakati wa kutoa nakala, kwa hiyo palikuwa na kivuli cha kidole chake mahali pa sahihi. Mimi nikawa daktari, nikapata kituo kidogo cha afya kando ya barabara, upande wa Gitaza, na kila walipokuja vijana wa mazoezi nilikuta wameikunja mfukoni, wameikariri kama sura ya Kurani. Kimoja jioni. Wanamwandikia mvuvi, wanamwandikia mlinzi wa usiku, wanamwandikia mama anayeamka saa nane ya usiku kukamua mawese. Nilikuwa nawanyang'anya na kuichana mbele yao. Walidhani nina wivu na mwanafunzi bora asiyejulikana.

Kwa hiyo niliwafundisha kwa njia yangu. Kijana akija kwangu, juma la kwanza haandiki. Anakaa dirishani na kuuliza maswali matatu ya Mama wa Dirisha, aliyekwisha kustaafu na magoti yanamsumbua. Wengi wanaona nimewadhalilisha. Mmoja aliwahi kuniuliza maswali hayo yana alama ngapi, nikamwambia aende akale kwanza.

Kuhusu Profesa nilisikia amestaafu, mkewe amefariki, na binti yake amemchukua akae naye huku mwambaoni, nyumba iliyo juu kidogo ya barabara. Sikwenda kumsalimia. Watu walinilaumu, kwa kuwa kwetu mwalimu hata akiwa mbaya anasalimiwa. Nilisema nina kazi nyingi, na ilikuwa kweli.

Mwaka jana, kiangazi, binti yake akamleta. Nilimwona kwanza kupitia mlango, ameketi kwenye benchi na wengine, ana plasta juu ya jicho na mkono umefungwa kitambaa. Alikuwa amekonda. Kola ya shati imempwaya, lakini shati limepigwa pasi, na kwenye mfuko wa kifua zilikuwemo kalamu mbili nyekundu. Nilimwacha angoje zamu yake. Sitasema uongo, nilimwacha kwa raha.

Alipoingia alinitambua, akasema, "Amahoro, madamwazeli," nami nikamwambia karibu, Profesa. Binti alieleza. Papa ana presha, ana ngozi ya uzee inayomwasha mwili mzima, na mwezi huu ameanguka mara mbili kutoka kwenye kibaraza. Anatoka nje na kigoda usiku, anakaa, na asubuhi wanamkuta chini. Akanipa oridonansi ya daktari kijana wa mjini. Sikuhitaji kuisoma. Pambizo la sentimita mbili, jina, umri, tarehe, mstari ulionyooka. Kile kidonge cha zamani cha mwasho. Kimoja jioni.

Nilimwuliza nani aliandika.

"Wa kwangu," akasema Profesa. "Nilimupa kumi na saba."

Nilitamani kucheka, na pengine nilicheka kidogo. Aliyechimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na rula yake mkononi. Nikavuta karatasi nikaanza kuandika, na yeye akajisogeza kwenye kiti.

"Lakini miye usiku niko..."

"Papa," binti akamkatiza, "umuache dokta aandike."

Akarudisha mikono magotini. Nikainua macho, naye alikuwa ananitazama, na nikaona kwamba amelisikia, lile neno na mahali lilipokatikia. Uso wake ukalegea. Nilikuwa nimeisubiri dakika ile miaka mingi bila kujua, na kwenye ndoto zangu za chuki nilikuwa na jibu lake tayari: mgonjwa asiongee. Lilikuwa kwenye ulimi. Nikaweka kalamu chini.

"Usiku unafanya nini, Profesa?"

Binti ndiye aliyejibu, kwa aibu kidogo, kwamba Papa halali tena. Anakaa nje mpaka kunakucha, kisha analala mchana kutwa. Wamemjaribu kwa maziwa, kwa dua, kwa redio. "Lakini iko kitu hatuelewi," akasema. "Mwezi ikiwa mukubwa, analala muzuri kama mutoto. Siku tano, sita. Kisha anaanza tena."

Yeye alikulia mjini, hakujua alichokuwa akiniambia. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti ndagala. Wavuvi hawaendi. Ziwa linakuwa tupu, na hakuna wa kumlinda.

Nilimwangalia yule mzee aliyekuwa akiomba kiti kigeuzwe asilione ziwa. Nilimwuliza anahesabu taa wakati zinatoka au wakati zinarudi. Akasema mara zote mbili. Toka lini? Toka alipohamia huku. Zikitoka arobaini anataka zirudi arobaini. Juzi ile dawa ilimlaza zikiwa bado kule, akaamka chini, jicho lina damu, na hakujua idadi. Siku ile nzima, alisema, hakuweza kula.

Sikumsamehe, kumsamehe si kazi yangu, ni kazi ya mtu mwenye makovu ya kamba, naye hakuwahi kumlaumu yeyote. Niliendelea kumdharau, na nilipokuwa nikimdharau machozi yalinijaa, jambo lililoniudhi mno. Angeweza kulisema siku ile ofisini. Neno moja tu, nimekosa, na vijana wa miaka yote hiyo wangejifunza kuuliza. Badala yake alikuja kukaa kibarazani, mzee mzima, kuyalinda maji kwa macho mabovu.

Nikakifuta kidonge cha mwasho. Nikaandika mafuta ya kupaka baada ya kuoga. Kwenye dawa ya presha nikaandika: kimoja, asubuhi, mashua zikisharudi. Nikamsukumia karatasi. Alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, akasoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Mashua zikisharudi si saa," akasema. "Na hauna pambizo. Na tarehe iko wapi?"

Nilikuwa nimesahau tarehe. Nikaitia. Akaandika pembeni tano juu ya ishirini, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa kifua nyuma ya kalamu zake. Binti alimshika mkono watoke. Mlangoni akasimama, akauliza, akiwa amenipa mgongo, kama yule muvuvi anaenda bado.

Nikamwambia anaenda, na shemeji yake. Tangu aanguke wameweka taa nyekundu nyuma ya mashua, wenzao wawaone.

"Ile nyekundu," akasema Profesa. "Ile inarudiaka ya mwisho. Ndiyo inanicheleweshaka kulala."